Tela linameremeta, beringi zimekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo nimelinyamazia toka mwezi wa saba. Mimi nina karavani, yani lile tela la kulala linalovutwa nyuma ya gari, nililinunua la mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama, na nikipita nalo Igoma watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele nyumba inatembea, nyumba inatembea! Raha yake we acha tu, unaondoka na familia na godoro lako na jiko lako, hulipi gesti, mama watoto anapika maharage anavyotaka mwenyewe.

Sasa mwezi wa saba tulikuwa tunaenda Lamadi, tulale pale siku mbili halafu siku ya tatu tuliache tela tuingie Serengeti kwa geti la Ndabaka na gari peke yake. Kabla ya safari nikaliosha, nikalipiga polishi, tukaweka na mapazia mapya. Kisesa tumepita freshi, Nyanguge freshi, tunakaribia Magu mtoto akasema baba mbona kuna harufu ya kandambili inaungua. Nikasimama. Gurudumu la kushoto limelala upande, ukigusa pale katikati unarudisha mkono mwenyewe. Fundi alikuja na bodaboda, alipofungua tukakuta beringi ya ndani, ile inayofanya gurudumu lizunguke laini, goroli zimegeuka bluu kwa moto na grisi imekauka kama ugali ulioungulia chini ya sufuria. Akaniuliza mara ya mwisho limefunguliwa lini. Nikakaa kimya. Aliyeniuzia aliniambia limefanyiwa sevisi yote na mimi nikaamini, kisa rangi ilikuwa nzuri.

Beringi, sili na grisi havikufika shilingi 60,000. Ila kuvutwa, na kulala gesti Magu siku mbili tukisubiri spea itoke mjini, ilikula mara tano ya hiyo, na gesti ndo nilikuwa naikimbia!

Mhariri, watu tunafikiri tela halina injini basi halina sevisi. Beringi zinatakiwa zifunguliwe, zioshwe, zipakwe grisi mpya kila mwaka hata kama tela limekaa tu uani, sababu unyevu unaingia taratibu. Na ndugu zangu wenye matela ya boti ndo kabisa, unafika ziwani kitovu cha gurudumu kina moto unalizamisha hapo hapo, kinapoa ghafla kinanyonya maji ndani, grisi inageuka uji. Subirini kidogo jamani lipoe. Mimi siku hizi kila nikisimama kununua hata muwa nazunguka nagusa vitovu vyote viwili, kikiwa na uvuguvugu ni sawa naendelea, kikiwa hakigusiki sisogei. Nati nazo nazikaza tena baada ya kilomita 80 hivi kama magurudumu yalifunguliwa.

Tairi usiangalie kashata tu, yani yale meno yanayokanyaga barabara. Tela linakaa muda mrefu bila kutembea kwa hiyo tairi linazeeka likiwa bado lina kashata nzuri kabisa. Pembeni kuna namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2314, maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. La kwangu moja lilikuwa na umri kuliko mtoto wangu wa darasa la tano.

Mizigo nayo. Ukijaza madumu ya maji na mkaa nyuma kabisa tela linaanza kucheza kama mkia wa samaki na linaweza kuibeba gari. Vizito vikae juu ya ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, au mbele yake kidogo, kama asilimia 10 ya uzito iegemee kwenye ndoano ya gari. Na cheni za usalama zifungwe kwa kupishana chini ya ndoano, siyo kuziburuza zinatoa cheche lami nzima. Plagi ya taa niliikuta imeota kijani ndani, ndo maana indiketa ya kulia ilikuwa inawaka inapojisikia, msasa kidogo ikarudi.

Mafuta je? Punguza mwendo, basi. Karavani ina kifua kipana, kutoka 80 kwenda 100 upepo unaokusukuma unaongezeka zaidi ya nusu, na mfuko unajua. Hata pale daraja la Kigongo-Busisi, tunashukuru toka mwaka 2025 hatungoji tena kivuko, lakini ni kilomita 3 juu ya maji na upepo wa ziwa unalipiga tela ubavuni, watu wanakimbiza kama wamefukuzwa. Na mtungi wa gesi ufungwe kabla hujaondoka, siyo jiko tu, mtungi wenyewe.

Mwisho nina shida yangu. Tairi za tela za inchi 13 zenye uwezo wa kubeba mzigo nimezitafuta mjini maduka manne napewa za gari ndogo tu, muuzaji anasema bosi hizi hizi zinafanya kazi. Hazifanyi, zile zina ukuta mwembamba. Kama kuna msomaji anajua zinapopatikana hapa Mwanza au hata Shinyanga, aandike hapa hapa gazetini, mwezi wa kumi na mbili watoto wananidai ile Serengeti.

Mwenye karavani,
Nyakato, Mwanza