Kaka, lile daftari ungelifunga

Kaka, shikamoo.

Arobaini imepita na simu zangu bado hupokei, ndiyo maana nakuandikia hapa.

Kwanza ahsante kwa kumuuguza Baba. Miezi yote ile ulikuwa peke yako, mimi nilikuwa wa kutuma hela tu. Lakini siku ya hitima hainitoki. Ulisimama chini ya turubai na kipaza sauti, daftari la rambirambi mkononi, ukawa unasoma jina na kiasi, jina na kiasi. Ulipofika kwa Mama mdogo ukasema, "Elfu mbili," ukanyamaza kidogo. Kijana mmoja huko nyuma akacheka. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa uani, nikamwona Mama mdogo. Alikuwa amekesha akituchomea vitumbua, vidole bado vina unga wa mchele. Akaivuta kanga mpaka usoni.

Utasema deni la hospitali lililipika. Kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliandika mwaka 2006 kwamba picha ya macho tu, ikibandikwa penye kisanduku cha hela za chai, watu walilipa karibu mara 3 ya walivyolipa ilipokuwapo picha ya maua. Macho yanatoa hela, sikatai. Hata mimi yalinitoa. Nilikuja na 50,000. Niliposikia majina yatasomwa, nikazunguka nyuma ya nyumba nikakopa kwenye simu. Ukasoma "laki mbili," watu wakaitikia mashallah.

Ramadhani Mama mdogo aliniomba 15,000 ya unga na mkaa. Nilimjibu mambo magumu. Hiyo haikusomwa popote.

Wewe ndiye uliyenisomesha Al-Baqara, aya ya 271: sadaka ya wazi ni njema, ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Basi siku nyingine taja jumla, shukuru wote, keti. Na mimi usinione mbaya, kaka. Ile Ramadhani nilikuwa na ada za watoto, na wiki baada ya hitima nilimpelekea Mama mdogo 30,000 bila kumwambia mtu. Hata wewe sikukusudia kukuambia.

Jumamosi nakuja. Mwambie shemeji asipike. Tutakwenda wote kwa Mama mdogo, na wewe ndiye utakayetangulia kubisha hodi.