Jino Lililonyamaza

Tanga

Mpendwa Mama Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wote wa hapo nyumbani Arusha. Sisi huku hatujambo, ila habari uliyonipa, kwamba jego lililokukesha siku nne limetulia lenyewe baada ya kuliwekea pamba yenye mafuta ya karafuu, imenikosesha raha, na nimeona ni afadhali nikuandikie kwa kirefu kuliko kukujibu kwa haraka kwenye simu.

Karafuu siidharau, kwa kuwa kweli hutia ganzi, lakini ganzi haizibi tundu. Mimi nami nililibembeleza jego langu hivyo hivyo, likanyamaza, nikamshukuru Mungu. Miezi kama mitano baadaye nikaamka shavu limevimba hata jicho halifunguki vizuri. Daktari akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: jino lililouma sana kisha likaacha ghafla, mara nyingi halijapona bali limekufa. Uozo umeshatoboa tabaka gumu la nje na kufika katikati, penye mishipa ya damu na ya fahamu, na mshipa wa fahamu ukishakufa hakuna tena wa kulalamika, huku usaha ukijikusanya polepole kwenye ncha ya mzizi. Jino ambalo mwanzoni lingezibwa kwa kikao kimoja liling'olewa, na hadi leo natafunia upande mmoja.

Chanzo chake ni ukoga tunaouacha kwenye meno. Vijidudu vilivyomo hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa tindikali inayolimomonyoa jino, na kila tunapoonja kitu kitamu kazi hiyo huanza upya. Kwa hiyo chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri hudhuru meno kuliko ile inayonywewa mara moja pamoja na chakula. (Najua chupa ya chai haibanduki mezani pako, nawe utanisamehe.)

Uliniambia pia kwamba umeacha kupiga mswaki upande wa kushoto kwa sababu fizi zinatoka damu. Hapo umekwenda kinyume, maana mara nyingi fizi hutoka damu kwa sababu ya ukoga uliokaa pembeni mwake, na usipouondoa huzidi. Endelea kusugua taratibu kwa mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala. Ukoga uliokwisha kuganda kama jiwe mswaki hauuwezi. Huo husafishwa na wataalamu kliniki.

Sasa nije kwa Rehema, ambaye nadhani ametimiza miaka sita. Mfunue kinywa umtazame nyuma kabisa ya magego yake ya utotoni: huenda jego jipya limeshachomoza bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze wakisema litaota jingine. Halitaota jingine. Hilo ndilo atakalotafunia uzeeni, kwa hiyo msaidie wewe mwenyewe kulisugua, kwani mkono wake bado haufiki huko nyuma. Na kama meno yake mapya yatatoka na madoa ya kahawia, usimkwangue kwa mkaa ukidhani ni uchafu. Maji ya sehemu nyingi za huko kwenu yana madini mengi ya floraidi, nayo huacha alama kwenye jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo, basi ulizia chanzo kingine cha maji yake ya kunywa, hata yakiwa ya mvua.

Nakuomba uende kliniki wiki hii, jino likiwa bado limenyamaza, nawe umchukue Rehema. Daktari akitaja kung'oa, muulize kwanza kama mzizi unaweza kutibiwa ili jino libaki. Kisha unieleze alilokujibu.

Wako akupendaye,
Mama Salim