Barua ya wazi kwa Gavana wa Turkana: asilimia 20 ya nini?

Mheshimiwa Gavana,

Kila baraza tunaambiwa kaunti ina asilimia 20 ya mafuta ya Lokichar, na jamii ina 5. Watu hupiga makofi. Mimi niliacha kupiga siku niliposoma kifungu cha 58 cha Sheria ya Petroli ya 2019.

Asilimia 20 hiyo si ya mafuta. Kampuni kwanza hujirudishia gharama zake. Faida inayobaki hugawanywa kati yake na serikali ya kitaifa, nasi hukatiwa kwenye fungu la serikali. Juu ya hapo kuna kufuli: mgao wetu hauwezi kuzidi fedha ambazo Bunge limeitengea kaunti mwaka huo. Hata visima vitiririke usiku na mchana, kufuli liko pale pale. Jamii nayo, iliyoandikiwa 10 katika mswada wa awali, ilishushwa hadi 5 kwa maafikiano ya 2018.

Simlaumu mtu kwa hayo. Sheria ni sheria mpaka ibadilishwe. Ila tumeshaumwa na nyoka. Bwawa la Turkwel lilianza kuzalisha umeme 1991, megawati 106, nyaya zikaelekea Lessos, kule Nandi, nje ya kaunti yetu. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ikabaki na jenereta za dizeli kwa miaka mingi.

Kwa hiyo naomba kaunti iajiri watu wake wa kusoma hesabu za gharama. Kila shilingi inayoandikwa huko kama gharama, iwe ya kuchimba au ya hoteli, inapungua kwenye fungu tunalokatiwa. Kugombania asilimia bila kukagua gharama ni kuhesabu maziwa huku ndama bado ananyonya.

Wadhamini watakaosimamia ile 5 ya jamii nao wajulikane kabla fedha hazijaanza kuingia, na wafugaji wawemo, si wenye suti peke yao.

Fedha hizo zikija, zianzie kwenye maji. Lakini tupime kwanza, tushangilie baadaye: 2013 tulitangaziwa ziwa zima chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini mwa kaunti, kisha kisima cha majaribio kikatoa maji ya chumvi. Kaunti inayosubiri malori ya msaada kila kiangazi haijajitegemea, hata ikiwa na mafuta.

Nijibu moja tu, Mheshimiwa: leo hii, ni nani katika serikali yako anayezisoma hesabu hizo za gharama?

Mkazi wa Turkana Kusini