Om Puri hakuwa mchekeshaji tu, mpeni nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Voi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake jambo hili limenikaa rohoni tangu nisome ile makala yenu ya burudani kuhusu waigizaji wakubwa wa picha za Kihindi. Masteringi mmewataja wote na picha zao kubwa kubwa za rangi, sawa, hata mimi nawapenda, lakini Om Puri mmempa mstari mmoja chini kabisa, mkaandika eti ni mchekeshaji mkongwe na mdogo wake Amrish Puri. Jamani! Hawa hawana undugu wowote, ni jina tu la ukoo limegongana. Kaka zake Amrish ni Chaman na Madan, nao pia walikuwa waigizaji. Om ni mtu wa kwao kabisa.

Na hilo la uchekeshaji naelewa lilikotoka. Vijana wengi wamemjulia kwenye Hera Pheri ya 2000, yule Kalasinga anayefukuzia pesa zake, ama kwenye Malamaal Weekly, na kiukweli pale anachekesha mpaka mbavu ziume. Ila ukimjua kwa hizo peke yake hujamjua bado.

Huyu alizaliwa Ambala, kaskazini mwa India, 1950, kwenye nyumba ya shida. Utotoni alifanya kazi kwenye kibanda cha chai na kuokota makaa ya mawe kwenye reli. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, pua kubwa, yaani si sura ambayo produsa wa Bombay angeitafuta enzi hizo. Akaingia chuo cha maigizo cha taifa kule Delhi, darasa moja na mwigizaji Naseeruddin Shah, na huko Kiingereza kilimtesa sana manake shuleni alisoma kwa Kipunjabi. Hakukimbia. Akaenda tena Pune kusomea filamu, na Naseeruddin huyo huyo, na hawa wawili pamoja na waigizaji wa kike Smita Patil na Shabana Azmi ndio waliobeba zile picha za miaka ya 70 na 80 ambazo hazikuwa na nyimbo za kukimbizana kwenye miti, zilikuwa zinaongelea ardhi, polisi, njaa na watu wa tabaka la chini.

Mhariri, umeiona Aakrosh ya 1980? Kama hujaiona nakuomba uitafute. Om ni mtu maskini wa makabila ya msituni, ameshtakiwa kumuua mke wake, na karibu picha nzima hasemi neno. Wakili wake, ambaye ni Naseeruddin, anamuuliza, anambembeleza, anakasirika, na mwenzake ananyamaza tu. Sasa fikiria mwigizaji hana maneno, hana wimbo, hana ngumi za kurusha, ana macho tu na mabega, na wewe uliyekaa mbele ya skrini huwezi kugeuza uso kwa sababu unaona kabisa kuna kitu anakijua na kinamla ndani. Halafu mwishoni ile sauti inatoka. Sisemi inatokaje wala kwa nini. Nasema tu kwamba nimeangalia picha nyingi maishani na kilio kama kile sijakisikia tena. Kwa kazi hiyo Filmfare, lile jarida la filamu la India, walimpa tuzo ya mwigizaji msaidizi, na ni sawa, ingawa kwangu mimi yeye ndiye picha yenyewe.

Miaka mitatu baadaye akatoka na Ardh Satya, safari hii ni inspekta wa polisi Bombay, Anant Velankar, mtu anayetaka kufanya kazi kwa haki na kila akigeuka anakutana na mkono wa mwanasiasa ama jambazi mwenye pesa. Kuna sehemu amekaa mkahawani na Smita Patil, anapewa kitabu cha mashairi asome kwa sauti, anaanza anatabasamu kama mtu anayefanya mchezo, na kadiri anavyosoma uso unabadilika taratibu mpaka sauti inakwama, manake shairi linamsema yeye. Ile ni shule nzima ya uigizaji, na alishinda tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, ya pili mfululizo baada ya ile ya picha ya Arohan. Na mwaka huo huo wa 1983 yumo kwenye Jaane Bhi Do Yaaro, mlevi anayeongea na jeneza akidhani ni gari limeharibika. Mwaka mmoja, mtu mmoja!

Nje ya India ndio usiseme. Kwenye Gandhi ya 1982 anatokea dakika chache tu, yule mwanamume anayemtupia Gandhi mkate na kukiri ameua mtoto, na watu wanamkumbuka mpaka leo. Kwenye East is East ya 1999 ni baba Mpakistani mwenye duka la chipsi kule Salford, Uingereza, mkali, anapiga, na bado kuna wakati unamhurumia, wakamteua kwa BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza. Amecheza na Jack Nicholson, amecheza na Helen Mirren, amekuwa Rais Zia ul-Haq wa Pakistan mbele ya Tom Hanks. Huyo ndiye yule kijana aliyehangaika na Kiingereza darasani.

Na sisi huku tuna letu naye. Ile The Ghost and the Darkness ya 1996, ya simba wala watu wa Tsavo, Abdullah kiongozi wa wafanyakazi wa reli ni Om Puri. Picha yenyewe waliipigia Afrika Kusini, lakini kisa ni cha hapa kwetu, 1898, daraja la mto Tsavo, na waliokuwa wanaliwa ni makuli kutoka India pamoja na Waafrika. Kwenye ile sinema wazungu ndio wenye bunduki na ndio wenye jina, ila mimi kila nikiiangalia namuona Abdullah, anavyomjibu Patterson, yule mhandisi mzungu wa daraja, bila kuinama, anavyosimama na watu wake wanapoamua kuondoka. Bila yeye wale makuli wangekuwa ni umati tu wa kuliwa. Nashangaa gazeti la Kenya linaandika habari za Om Puri na hili halimo.

Alifariki nyumbani kwake Mumbai (ndiyo ile Bombay) tarehe 6 Januari 2017, akiwa na miaka 66. India walimpa nishani ya taifa ya Padma Shri 1990, Uingereza wakampa nishani yao ya OBE, ya heshima, 2004.

Ombi langu ni mpeni ukurasa mzima, muandike hizo picha za miaka ya 80 kwa majina na miaka yake ili vijana wajue cha kutafuta, manake wanaangalia sana ila hawana wa kuwaelekeza. Na mkiweza muwaambie wenzenu wa vituo vya runinga wanaotuwekea picha za Kihindi kila Jumapili, zile zile, watuwekee Ardh Satya hata mara moja tu, yenye tafsiri chini. Hayo ya undugu na Amrish pia myarekebishe toleo lijalo, tafadhali.

Msomaji wenu wa siku zote,
Voi