Kwa mdogo wangu aliyegawa daluga zake

Mdogo wangu,

Mama ameniambia daluga umezigawa, na tangu daktari akwambie goti halitarudi kama zamani, hata mechi za mtaani hutaki kuzitazama. Kwa simu nilishindwa kuyasema haya, ndiyo maana naandika.

Unamjua Unai Emery, kocha wa Aston Villa ya Uingereza, yule asiyetulia pembeni mwa uwanja. Nataka umjue wa kabla ya hapo. Alizaliwa 1971 Hondarribia, kwa Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Babu yake alikuwa kipa wa Real Unión, na ndiye aliyefungwa bao la kwanza kabisa la La Liga, ligi kuu ya Hispania, mwaka 1929. Baba yake naye alidaka. Emery akawa kiungo, lakini Real Sociedad iliyomkuza ilimpa mechi 5 tu za ligi kuu. Miaka iliyobaki aliimalizia madaraja ya chini.

Alipofika Lorca, daraja la tatu, goti likamgomea. Alikuwa na miaka 33. Katikati ya msimu ule ule uongozi ukamkabidhi timu, awafundishe watu aliokuwa akibadilisha nao jezi chumba kimoja. Msimu ulipokwisha, Lorca ikapanda daraja. Kisha Almería, akaipandisha La Liga mwaka 2007.

Ya Sevilla unayajua: Ligi ya Europa mara 3 mfululizo, 2014 hadi 2016. Ninayoyafikiria zaidi mimi ni ya Arsenal. Walimfukuza Novemba 2019, na watu walikuwa wameshamcheka mpaka matamshi yake ya Kiingereza. Nami nilicheka, na hilo linaniuma hadi leo. Mwaka na nusu baadaye, akiwa na Villarreal, timu ya mji mdogo, aliishinda Manchester United fainali ya Ligi hiyo hiyo ya Europa kwa penalti 11 kwa 10. Villa aliikuta ikichungulia shimo la kushuka daraja. Msimu wake wa pili ikamaliza ya 4 na kuingia Ligi ya Mabingwa.

Wewe ulipokuwa uwanjani, beki akipanda, ulishaziba pengo lake kabla kocha hajapaza sauti. Kuona huko hakukuwa gotini.

Ulizia kozi ya leseni D ya ukocha inaanza lini. Ada nitalipa mimi. Nipigie Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kaka yako