Shosti, usilipe karo ya mgeni

Shosti wangu,

Hujambo, na watoto je? Ile voisi yako nimeisikiza mara mbili nikiwa kwa basi na imenikaa rohoni, eti umeacha mambo ya chuo kwa sababu umetoka Texas juzi na huku Washington watakuhesabu mgeni mpaka umalize mwaka, na tena eti umechelewa kwa vile ni miaka mitano tangu uvue magwanda. Hapana, shosti. Yote mawili hayakuhusu.

Mimi nilipohamia kwa dadangu nikitokea jeshini Georgia, bili yangu ya kwanza ilikuja na karo ya watu wa nje, zaidi ya mara mbili ya wenyeji, na GI Bill, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, kwenye chuo cha serikali hulipa karo ya mwenyeji tu, hiyo inayozidi ni jasho lako. Nilisimama pale kaunta na bahasha ya kaki imelowa mvua, DD-214 yangu, ile hati ya kutoka jeshini, iko ndani, yule msichana akageuza skrini nione, akaniambia rudi mwakani. Nikalia kwa gari, wallahi. Kumbe chuo hichohicho, ghorofa ya juu, kuna ofisi ya maveterani, mzee wa pale akatazama karatasi zangu na mkataba wa nyumba, akabonyeza bonyeza, siku ya pili bili imeshuka.

Sheria yenyewe Obama aliitia saini Agosti 2014, inaitwa Choice Act, kifungu cha 702. Kama ulitumikia jeshini siku 90 au zaidi, unatumia GI Bill, na unaishi kwenye jimbo chuo kilipo, basi chuo cha serikali kikutoze kama mwenyeji hata kama umefika wiki jana. Kikikataa, VA, ile idara ya serikali ya maveterani, inaacha kulipia masomo yake kwa GI Bill, kwa hivyo hawawezi kuchezacheza na hilo. Mwanzoni ilibidi uanze masomo ndani ya miaka mitatu baada ya kutoka, na nadhani hapo ndipo walipokutia hofu, lakini hiyo miaka mitatu ilifutwa, tangu Agosti 2021 haipo. Na GI Bill yako haijaoza, waliotoka jeshini kuanzia Januari 2013 hawawekewi tena ule mwisho wa miaka 15 wa kuitumia. Wewe umepiga miaka minne kamili jeshini, na asilimia 100 ya malipo wanaanzia miezi 36 ya kazi, yaani unapata yote!

Ila usiende chuo cha binafsi ukidhani ni hivyohivyo, vyuo hivyo sheria hii haivigusi. Na ukishaanza usikatize muhula ovyo, maana hiyo haki inakufuata ukiwa unaendelea na masomo bila kukatisha.

Jumamosi siendi kazini. Njoo na DD-214 na mkataba wako wa nyumba tujaze ile fomu 22-1990 ya kuomba GI Bill onlaini, nitakuwa nimepika mbaazi na mahamri. Usiniambie umechoka.

Wako wa tangu shule