Mafundi, pimeni kwanza kabla hamjatuambia tununue betri

Mhariri, naomba nafasi niongee na mafundi wa magari wa hapa Mwanza pamoja na madereva wenzangu, maana hili jambo limeniuma sana.

Nina pikapu nabebea dagaa kutoka Mwaloni pale Kirumba. Mwezi uliopita ikaanza kusumbua asubuhi, ukipiga stata inazunguka kwa kusuasua, siku nyingine inalia tik tik basi, nikamwita fundi, jamani hata boneti hajafungua anasema betri imekufa. Nikanunua mpya, laki na themanini. Wiki haijaisha tatizo lile lile! Akasema basi ni stata, ikashushwa, ikawekwa kaboni mpya, hela ikatoka tena. Jumamosi alfajiri gari ikagoma kabisa, magunia ya watu yako chini yananisubiri mimi.

Aliyenisaidia ni kijana wa umeme wa magari kutoka Igoma, yeye alikuja na mita ya kupimia umeme. Akapima betri gari ikiwa imezimwa, ikasoma volti 12.6, akasema hii imejaa. Akaniambia piga stata, yeye anaangalia mita, haikushuka chini ya 11, na taa za dashibodi hazikufifia hata kidogo. Akasema kaka, umeme upo ila haufiki kwenye stata. Akachukua waya wa kubusti, ncha moja akabana kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikawasha, ikawaka hapo hapo! Kumbe ule waya wa arthi, unaounganisha hasi ya betri na injini, ulikuwa umeoza pale unapofungwa, kutu tupu. Akaufungua, akasugua kwa msasa, akakaza, kazi imeisha, hakuna hata kifaa kimoja alichoniuzia.

Sasa madereva, ukipiga stata taa zikafifia sana ndio uishuku betri, na hapo pia anza na vichwa vyake, pale nyaya zinapofungwa, spana namba 10 inatosha, fungua hasi kwanza, ule unga mweupe uoshe kwa maji ya moto. Gari ikiwaka pima betri tena, isome kama volti 13.8 mpaka 14.4, ikibaki kwenye 12 ujue alteneta haichaji na hata betri mpya utaiua tu. Kama stata inazunguka vizuri ila injini haishiki, hiyo ni habari nyingine kabisa, ya mafuta au plagi, betri iacheni.

Mafundi wetu naombeni sana nunueni mita, na sisi wateja tuwe tunauliza imesoma ngapi kabla hatujatoa hela. Betri yangu ya zamani nilimwachia yule fundi wa kwanza, na sasa naamini ilikuwa nzima.

Dereva wa pikapu,
Kirumba, Mwanza